Jumuiya ya vijana ya chama cha kihafidhina si kila jumuiya ya vijana

Redio ikitaja vijana wa chama fulani cha kihafidhina huko Ulaya, barazani kwetu Ngamiani hakosekani mtu wa kusema, "Aa, hao ni kama UVCCM yetu," yaani Umoja wa Vijana wa CCM, chama tawala. Wenzake huitikia, kahawa inazungushwa, na mazungumzo yanaendelea juu ya msingi huo mbovu. Nimeyasikia hayo kwa wazee, kwa vijana wa bodaboda, na hata kwa watu wanaofundisha uraia hapa Tanga. Sasa yamezidi.

Maana kwanza, kwa ufupi. Jumuiya ya vijana ni chombo cha chama kwa ajili ya wanachama na wafuasi walio katika umri wa ujana. Ina kanuni zake, uchaguzi wake na viongozi wake. Huandikisha vijana, huwafunza siasa, na hupeleka hoja zao kwenye vikao vya chama. Chama cha kihafidhina nacho ni chama kinachoamini kwamba taasisi tulizozirithi, kama familia, dini, mila na mali ya mtu binafsi, zimebeba hekima ya waliotangulia, na kwamba mabadiliko yanapohitajika yaje polepole, kwa kukarabati na si kwa kubomoa. Edmund Burke, mbunge wa Uingereza wa karne ya 18 ambaye wahafidhina wengi humhesabu babu yao, aliiona jamii kuwa ni mapatano kati ya waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Chama cha namna hiyo kikiwa na jumuiya ya vijana, ndiyo hiyo tunayoizungumzia.

Wengine huandika "tawi la vijana". Kwa mpangilio wa vyama vyetu tawi ni ngazi ya mahali, juu ya shina na chini ya kata, kwa hiyo neno hilo linampoteza msomaji. CCM ina jumuiya, CHADEMA ina baraza, ACT-Wazalendo ina ngome. Lolote kati ya hayo linafaa.

Wapo pia wanaodhani vijana wa chama maana yake ni walinzi wa chama, wale wa kombati na virungu. Hilo limetokana na Green Guard ya CCM, Red Brigade ya CHADEMA na Blue Guard ya CUF, tulizoziona kwenye mikutano ya kampeni. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yalivipiga marufuku vikundi vya ulinzi vya vyama. Jumuiya za vijana hazikuguswa, kwa sababu jumuiya na kikosi ni vitu viwili tofauti.

Linalonikera hasa ni kumwita mhafidhina kila aliyekaa madarakani muda mrefu. Naona chanzo chake ni magazeti yetu ya miaka ya muafaka wa Zanzibar, yale mapatano ya CCM na CUF. Waandishi waliwaita "wahafidhina" wale waliokuwa ndani ya CCM na hawakutaka mazungumzo na CUF. Walikusudia kusema watu wa msimamo mkali, wasiotaka kulegeza. Neno likashika, likahama kutoka kwa kundi hilo likawa la chama kizima, na leo mtu anasema "chama cha kihafidhina" akiwa na maana ya chama kikongwe kisichotaka kuachia madaraka. Kung'ang'ania kiti hakuhitaji itikadi yoyote. Vyama vya kikomunisti vimeng'ang'ania, vya kijeshi vimeng'ang'ania, na hakuna anayeviita vya kihafidhina kwa sababu hiyo.

Tuipime TANU, mzazi wa CCM, kwa mkoa wetu huu huu. Kule Lushoto, Vuga ilikuwa makao ya Wakilindi, watawala wa Usambara tangu enzi za Mbegha. Hiyo ndiyo aina ya taasisi ambayo mhafidhina angeitetea kwa moyo wote: ni ya kale, ina mila zake, ina heshima ya watu. Serikali ya TANU ilifuta mamlaka ya machifu nchi nzima mwaka 1963. Ikaja 1967, Azimio la Arusha, na mwaka huohuo sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, ambayo uchumi wa Tanga wote uliyategemea, ikachukuliwa na dola. Vijana wa TANU, wale wa TANU Youth League, walikuwa mstari wa mbele kulishangilia na kulieneza Azimio. Walikuwa vijana wa chama kinachopindua mambo, na hawakuona haya kulisema hilo. Unaweza kuwasifu au kuwalaumu. Wahafidhina hawakuwa.

Utaniambia hayo ni ya zamani, na kwamba CCM ya leo inakaribisha wawekezaji, na mashamba yaleyale ya mkonge yalirudishwa mikononi mwa watu binafsi miaka ya 1990. Ni kweli. Lakini chama kilichotaifisha na baadaye kikabinafsisha, yote ndani ya umri wa mtu mmoja, kimeonyesha kwamba kinaweza kubadilika sana. Na katiba yake hadi leo inataja Ujamaa na Kujitegemea. Kwa maandishi, UVCCM ni jumuiya ya vijana ya chama cha kijamaa.

Hapo ndipo wengi hushtuka ninapowaeleza lililobaki. Vyama vya kihafidhina na vya mrengo wa kati-kulia duniani vina umoja wao, IDU, ulioanzishwa London mwaka 1983, na miongoni mwa waasisi wake walikuwamo Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, na Helmut Kohl, kansela wa Ujerumani. Chama cha Tanzania kilichomo katika umoja huo ni CHADEMA. Kilianzishwa na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliyeacha uwaziri wa fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya IMF. Kwa undugu wa kimataifa, basi, anayetafuta hapa nchini jamaa wa vijana wa Thatcher na Kohl atafika BAVICHA, baraza la vijana la CHADEMA, kabla ya kufika UVCCM. Hata hapo nasita kuwabandika jina. Chama kinachodai katiba mpya kila mwaka kina hamu kubwa ya kubadili, na BAVICHA wenyewe sijawasikia wakijiita wahafidhina. Vyama vyetu vingi havikujengwa juu ya mistari hiyo ya Ulaya, na ni afadhali kukiri hivyo kuliko kulazimisha.

Sasa tuwatazame wenyewe walikozaliwa, maana kuna dhana nyingine inayokwenda sambamba na hiyo: kwamba kijana mhafidhina ni kijana mtiifu, wa kupiga makofi na kubeba mabango. Historia yao inasema vingine.

Sweden ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote. Chama cha kihafidhina cha huko, kinachoitwa Moderaterna siku hizi, kilikuwa na jumuiya ya vijana tangu mwaka 1915. Miaka ya 1930 vijana hao walianza kuvutwa na Unazi wa Ujerumani. Arvid Lindman, kiongozi wa chama na waziri mkuu wa zamani, hakuwafumbia macho. Chama kilivunja uhusiano nao, na mwaka 1934 kikaanza jumuiya nyingine upya. Mzee mhafidhina aliona vijana wake wanataka kubomoa bunge na sheria, yaani vitu vilevile ambavyo chama chake kilikuwepo ili kuvilinda, akakubali kuwapoteza.

Jumuiya hiyo mpya ndiyo iliyokuja kugombaniwa mwaka 1992 katika mji wa Lycksele. Ulf Kristersson alikuwa mwenyekiti, mtetezi wa soko huria bila kificho. Fredrik Reinfeldt alimpinga akamwangusha, baada ya mkutano uliowaachia wanachama majeraha ya miaka mingi. Reinfeldt akawa waziri mkuu mwaka 2006. Kristersson naye akawa waziri mkuu mwaka 2022. Ugomvi wa vijana ukumbini ulikuwa ugomvi wa nchi nzima uliotangulia wakati wake.

Uingereza chama kimewahi kuwafungia vijana wake zaidi ya mara moja. Mwaka 1986 Norman Tebbit, mwenyekiti wa Conservative, aliivunja jumuiya ya wanafunzi wa vyuo baada ya jarida lao kumtuhumu Harold Macmillan, waziri mkuu wa zamani wa chama hichohicho, kwa uhalifu wa kivita. Mwaka 2015 jumuiya nyingine, Conservative Future, ilisimamishwa kwa tuhuma za uonevu baina ya wanachama. Young Conservatives wa sasa walianza tena mwaka 2018.

Ujerumani kuna Junge Union, iliyoanzishwa mwaka 1947. Hiyo ni ya vyama viwili kwa pamoja, CDU na CSU ya Bavaria, inapokea watu wa miaka 14 hadi 35, na mtu anaweza kuwa mwanachama wake bila kuwa na kadi ya chama chochote kati ya hivyo viwili. Novemba 2025 Kansela Friedrich Merz, mtu wa CDU, alihudhuria mkutano wao mkuu akapokewa kwa ubaridi. Mgogoro ulikuwa pensheni: serikali ilitaka kiwango chake kisishuke chini ya asilimia 48 ya wastani wa mishahara, na vijana wakauliza gharama za baada ya mwaka 2031 atalipa nani. Kwa mhafidhina hilo ni swali la msingi kabisa, kwa sababu wale watakaozaliwa ni sehemu ya yale mapatano ya Burke. Sheria ilipita mwezi uliofuata. Vijana walishindwa kura, lakini waliipinga serikali ya chama chao hadharani na jumuiya yao haikuvunjwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa barazani, UVCCM na Junge Union zilinganisheni kwa muundo kama mnataka. Umri unakaribiana, maana hata sera yetu ya vijana ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35, na zote mbili ni ngazi ya kupandia uongozi. Mkifika kwenye itikadi simameni hapo. UVCCM iiteni jumuiya ya vijana ya chama tawala, jina ambalo ni la kweli na halimtukani mtu. Na mkimkusudia mwanasiasa asiyetaka kulegeza wala kuondoka, semeni ni mtu wa msimamo mkali, au semeni waziwazi kwamba hataki kuondoka.