Shoti si kila hitilafu ya umeme wa gari

Shemeji yangu ana Datsun 120Y ya miaka ya 1970, ambayo mwezi uliopita ilianza kuwaka wakati stata inazunguka na kuzimika mara tu anapoachia ufunguo. Watu watatu waliinamia injini kwa zamu na wote wakasema gari lina shoti. Nyaya za dashibodi zikafumuliwa kwa siku mbili, zikisakwa shoti ambayo haikuwapo.

Shoti ni umeme kupata njia ya kurudi kwenye betri bila kupitia kifaa uliokusudiwa kukiendesha. Neno limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya "fupi", na ufupi huo ndio kiini chake (shoti ya farasi, yaani mwendo wa mbio, ni neno jingine). Kinachofupishwa ni safari ya umeme. Katika gari la zamani lenye pointi (vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili kuunga na kukata umeme), umeme hutoka kwenye betri, hupita swichi ya ufunguo, koili (inayokuza volti kwa ajili ya cheche za plagi) na pointi zilizo ndani ya distribyuta, kisha hurudi kupitia bodi. Koili isiyohitaji rezista ya nje (kifaa cha kupunguza mkondo) huwa na ukinzani wa omu 3 hivi, kwa hiyo volti 12 hupitisha ampea 4 tu. Waya ukichubuka kabla ya koili na kugusa bodi, ukinzani huo unarukwa, mkondo unapanda mara nyingi zaidi, na ganda la waya huanza kuyeyuka. Katika Land Rover za zamani, waya mweupe unaotoka kwenye swichi haulindwi na fyuzi, kwa hiyo shoti ya hapo utaijua kwa moshi.

Nadhani neno lilianza kupotoka pale tulipolibebesha maana ya pili. Mtu akiguswa na umeme tunasema amepigwa shoti, ingawa mwili wake si njia fupi hata kidogo, kwa kuwa ngozi kavu ina ukinzani wa maelfu ya omu. Kutoka hapo shoti ikawa jina la lolote baya litokanalo na umeme, hata lile lililo kinyume chake kabisa. Maana waya uliokatika haupitishi umeme wowote, ilhali shoti inapitisha umeme kupita kiasi, na mtu anayetafuta waya uliochubuka hawezi kuuona uliokatika ndani ya ganda lake zima.

Lipo pia tatizo la tatu linalostahili jina lake, nalo ni mgusano mbovu, yaani terminali yenye kutu au nati iliyolegea. Hili hudanganya mita. Pointi zikiwa zimeachana, mkondo haupiti, na mita iliyowekwa kati ya upande wa koili unaopokea umeme na bodi itasoma volti 12 kamili hata kama kutu imejaa njiani. Zungusha injini kwa mkono hadi pointi zigusane, kisha upime tena ufunguo ukiwa umewashwa. Katika gari lisilo na rezista, kipimo kinapaswa kubaki karibu na cha betri. Kikishuka kwa volti 2 au 3, kutu imejitaja.

Datsun ile ina rezista, kipande cha kauri kilichofungwa karibu na koili. Wakati stata inazunguka, koili hupata umeme kwa waya mwingine usiopitia rezista, na ufunguo ukiachiwa, umeme wote hulazimika kupita humo. Uzi wa ndani wa rezista ulikuwa umekatika. Hakuna waya uliokuwa umechubuka wala fyuzi iliyokuwa imeungua.

Kwa hiyo ukiambiwa gari lako lina shoti, uliza kwa adabu, "Samahani fundi, ni waya upi unaogusa bodi?" Asipouonyesha, huenda anachotaka kusema ni kwamba kuna mahali umeme haufiki, na hapo mwombe aanze kupima kwenye koili kabla hajafungua dashibodi.