Kiingilio si ufunguo wa fleti
Kwenye baraza za Ngamiani, Tanga, bado husemwa: ukishalipa kiingilio cha ushirika wa nyumba (chama cha watu wanaochanga ili wajenge kwa pamoja), fleti ni yako, kilichobaki ni kungoja funguo. Sivyo.

Kiingilio kinakuandikisha uanachama tu, na kwa kawaida hakirudishwi. Hisa ni mtaji wako ndani ya chama. Fleti yenyewe huja kwa akiba ya kila mwezi na kwa zamu iliyowekwa na masharti ya chama. Hati ya kiwanja huwa kwa jina la chama. Ukitaka hati ya fleti yako peke yake, jengo lisajiliwe kwa sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo.

Mambo huharibikia kwenye kiwanja. Watu wanachanga, kumbe eneo halijapimwa, kibali cha ujenzi hakitoki, madai yanaanza. Basi kabla ya shilingi ya kwanza, omba kuona cheti cha usajili wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kisha peleka namba ya hati kwa Msajili wa Hati ifanyiwe upekuzi: mmiliki nani, muda uliobaki (hati hutolewa kwa miaka isiyozidi 99), imewekwa rehani au la. Na stakabadhi iwe ya chama, yenye namba, si karatasi iliyochanwa kwenye daftari la katibu.