Sifuri ya dirishani: maana ya kulipia dawa za wazee kwa mwezi kwenye Medicare

Mzee anafika kwenye dirisha la duka la dawa mwezi Januari, anatoa kadi yake ya bima, anakabidhiwa mfuko wa vidonge, na risiti inasoma dola 0. Anarudi nyumbani akimshukuru Mungu kwamba dawa sasa ni bure. Baada ya wiki kadhaa barua inaingia kwenye sanduku: anadaiwa dola 175. Mwezi unaofuata inakuja nyingine kama hiyo, na watoto wanaanza kuhofia kwamba baba ametapeliwa.

Baba hajatapeliwa. Amejiunga na mpango wa kulipia dawa kwa mwezi, ila hakuna aliyekaa naye chini akamweleza ile sifuri ilikuwa na maana gani. Naandika nikiwafikiria wenye wazazi Marekani, kwa sababu mara nyingi watoto ndio wanaofungua barua hizo na kupiga simu kwa niaba ya wazee.

Jina rasmi la mpango wenyewe ni Medicare Prescription Payment Plan. Medicare ni bima ya serikali ya Marekani kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, pamoja na baadhi ya watu wenye ulemavu ambao hawajafika umri huo. Sehemu yake inayohusu dawa za kuandikiwa na daktari huitwa Part D, nayo inaendeshwa na kampuni binafsi za bima. Tangu tarehe 1 Januari 2025, kila kampuni yenye Part D inalazimika kumpa mwanachama nafasi ya kulipa mgawo wake wa gharama kwa mwezi, badala ya kuutoa wote papo hapo dirishani. Kujiunga ni hiari, hakuna ada na hakuna riba.

Aliyekulia mtaani kwetu atauelewa haraka akikumbuka daftari la dukani. Unachukua sukari na unga, mwenye duka anaandika, mwisho wa mwezi unalipa. Tofauti ni kwamba huku mwenye duka la dawa hakudai chochote. Kampuni ya bima inamlipa yeye, na daftari la deni lako linakaa kwa kampuni. Ndiyo maana risiti inaonyesha sifuri, na ndiyo maana barua ya kudai haitoki famasi.

Mpango huu ulizaliwa pamoja na jambo jingine kubwa zaidi, nalo ni kikomo cha mwaka. Vyote viwili vimo kwenye sheria ya Inflation Reduction Act, iliyotiwa saini na Rais Joe Biden Agosti 2022. Hadi mwaka 2023, mgonjwa wa Part D aliyetumia dawa ghali aliendelea kutozwa asilimia 5 ya bei hata baada ya kufika ngazi ya juu kabisa ya bima, bila mwisho. Kwa dawa ya maelfu ya dola kila mwezi, asilimia 5 si pesa ndogo kwa mtu anayeishi kwa pensheni. Mwaka 2025 kikawekwa kikomo cha dola 2,000, na mwaka 2026 kimekuwa dola 2,100. Ukishatoa kiasi hicho mfukoni kwa dawa zinazokubaliwa na bima yako, hutoi tena hadi mwaka uishe.

Lakini kikomo peke yake hakimsaidii mtu anayeandikiwa vidonge vya saratani mwezi Januari. Mwaka 2026 anaweza kutakiwa kulipa hadi dola 615 za mwanzo kabla bima haijaanza kuchangia, kisha robo ya bei hadi afike kikomo. Kwa dawa ya bei hiyo, dola zote 2,100 zinaweza kuisha siku moja, dirishani, huku kodi ya nyumba nayo inasubiri. Kwa mgonjwa kama huyu mpango wa mwezi unafaa kweli. Dola 2,100 zinagawanywa kwa miezi 12, analipa 175 kila mwezi, na dawa anaichukua leo. Sitaki mtu aidharau tofauti hiyo, maana mzee anayeambiwa bei asiyoimudu huondoka bila dawa na akifika nyumbani hasemi kitu.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapotatizika. Watu husikia “kulipa kwa mwezi” wakadhani kiasi kitakuwa kilekile kila mwezi. Haiko hivyo. Baada ya mwezi wa kwanza, kila mwezi kampuni inachukua deni lililobaki, inaongeza gharama mpya, kisha inagawanya kwa miezi iliyobaki ya mwaka.

Chukua bibi ambaye mgawo wake wa dawa za presha na sukari ni dola 80 kila mwezi, Januari hadi Desemba. Bila mpango angelipa 80 kila mwezi, na mwaka mzima ungemgharimu 960. Akijiunga Januari, mwezi huo analipa 80 kama kawaida, kwa sababu mwezi wa kwanza una kanuni yake: kiwango cha juu ni kikomo cha mwaka kikigawanywa kwa miezi iliyobaki, yaani 175, na 80 haijafika huko. Februari anaona dola 7.27 tu na anafurahi. Machi inakuwa 15.27, Aprili 24.16. Kufika Agosti imepita 74, Oktoba ni 121.59, Novemba 161.59, na Desemba anadaiwa 241.59. Jumla ni 960 ileile, hakuna senti iliyopungua, ila mzigo wote umesukumwa hadi mwisho wa mwaka. Bibi aliyekuwa anamudu 80 bila wasiwasi sasa anadaiwa mara tatu yake mwezi ambao wajukuu wanakuja. Kwa huyu ningesema wazi: asijiunge.

Vivyo hivyo kwa anayechelewa. Tuseme mzee hajatumia chochote mwaka mzima, kisha Oktoba 2026 anaandikiwa dawa ambayo mgawo wake ni dola 900, mara moja tu. Kwa mwezi wa kwanza wa kujiunga, kampuni inagawanya kikomo cha 2,100 kwa miezi mitatu iliyobaki, na hiyo 700 ndiyo kiwango cha juu cha mwezi huo. Kwa hiyo anadaiwa 700 Oktoba, kisha 100 Novemba na 100 Desemba. Nafuu ipo, lakini ni ndogo.

Kuna kengele ya tahadhari iliyowekwa kwenye mfumo. Dawa moja ikimfikisha mgonjwa kwenye mgawo wa dola 600 au zaidi, duka la dawa linatakiwa kumpa taarifa kwamba huenda mpango huu ukamfaa. Karatasi hiyo isitupwe pamoja na mfuko. Ila famasi yenyewe haiwezi kumwandikisha. Ni lazima awasiliane na kampuni yake ya bima, kwa simu, kwa mtandao au kwa fomu. Mwaka ukishaanza, kampuni inatakiwa kushughulikia ombi ndani ya saa 24.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la kuchanganya bili mbili. Mzee analipa ada ya bima yenyewe, na pembeni kuna bili ya dawa alizochukua kwa mpango huu. Barua zinaweza kutoka kampuni ileile, zina nembo ileile. Pesa zikiwa hazitoshi zote mbili, ilipwe ada ya bima kwanza. Asipolipa ada anaweza kupoteza bima ya dawa kabisa. Akikosa kulipa bili ya mpango anapewa muda usiopungua miezi miwili, na akishindwa anaondolewa kwenye mpango tu. Bima inabaki, deni linabaki bila riba, na huenda asiruhusiwe kurudi mpaka alilipe. Anaweza pia kujitoa mwenyewe wakati wowote. Akihamia kampuni nyingine, alichobakiza anaendelea kudaiwa na ile ya zamani, na kwa mpya lazima aombe upya. Akibaki kwenye bima ileile mwaka mpya ukiingia, uandikishaji sasa unaendelea wenyewe hadi aseme hataki.

Dawa anazopewa kliniki kwa dripu, ambazo mara nyingi zinalipiwa na Part B, yaani sehemu ya Medicare inayohusu huduma za daktari na kliniki, hazimo humu. Insulini ya Part D ina kikomo chake, dola 35 kwa mwezi.

Na kabla ya yote haya, uliza kipato cha mzee. Mpango wa mwezi unasogeza malipo tu, haupunguzi chochote. Upo msaada mwingine unaoitwa Extra Help, unaoombwa kupitia ofisi za Social Security, idara ya serikali ya Marekani inayolipa pensheni, na huo ndio unaopunguza gharama zenyewe: mwaka 2026 anayekubaliwa hatoi zaidi ya dola 13 kwa dawa moja inayokubaliwa na bima yake. Wazee wengi waliokuja kufuata watoto, waliofanya kazi miaka michache au hawakufanya kabisa, wana kipato kidogo cha kutosha kuupata. Inauma kumwona mtu anagawanya deni kwa miezi 12 wakati sehemu kubwa ya deni hilo hakupaswa kuwa nalo.

Simu ya Medicare ni 1-800-633-4227, na mkalimani ni bure. Sema “Swahili” mwanzoni kabisa, usubiri waunganishe. Mzee akae karibu na simu, kwa sababu watataka kusikia ruhusa kwa sauti yake, na awe na kadi yake pamoja na orodha ya dawa zote. Waulize kwanza kuhusu Extra Help. Kisha ipigie kampuni yake ya bima, uombe wakupigie hesabu ya mwezi kwa mwezi hadi Desemba, na uiandike kwenye karatasi ambayo mzee ataibandika mlangoni mwa friji.