Rangi ya kopo kwa modeli za plastiki: anza na kiyeyushi, rangi iwe ya mwisho

Anayejenga modeli ya gari la skeli 1/24 (ndogo mara 24 kuliko gari halisi) kwa mara ya kwanza huenda dukani kutafuta wekundu. Anatazama kifuniko cha kopo la rangi ya kupuliza, anakilinganisha na picha ya boksi, analipa. Kosa huanzia hapo. Kifuniko kinaonyesha rangi itakavyokuwa ikishakauka, lakini bodi ya modeli inasalimika au kuharibika kwa sababu ya kiyeyushi, yaani thina iliyoyeyusha rangi ndani ya kopo, na hicho hakionekani kwenye kifuniko. Mimi huchagua kwa mpangilio huu: plastiki niliyonayo, kisha kiyeyushi, kisha kilicho chini na kitakachokuja juu. Rangi yenyewe huja mwisho.

Plastiki na kiyeyushi

Seti nyingi za magari, ndege na vifaru, ziwe za Tamiya, Airfix, Revell au Hasegawa, zimetengenezwa kwa polistirini. Plastiki hii huyeyuka kwa asetoni na toluini, na ndivyo gundi ya modeli inavyofanya kazi: inalainisha kingo mbili hadi zikawa kitu kimoja. Rangi yenye kiyeyushi kikali inaufanyia uso mzima jambo hilohilo. Kikiwa kidogo na kikapaa haraka, kinauma plastiki kiasi cha kuifanya rangi ishike vizuri. Kikiwa kingi, kinakula mistari midogo ya milango na paneli, na uso unabaki na nyufa nyembamba kama matope yaliyokauka juani.

Makopo ya Tamiya yenye herufi TS ni laka (rangi inayokauka kiyeyushi chake kikipaa), ya mililita 100, na yamepimwa kwa ajili ya polistirini. AS pia ni laka, ila rangi zake zimepangwa kwa ndege. Mr. Color za GSI Creos ziko katika kundi hilo. Zinakauka haraka, zinakuwa ngumu, na tabaka lake ni jembamba, jambo kubwa kwa kitu chenye urefu wa sentimita 18.

Makopo ya Tamiya yenye herufi PS ni jambo jingine kabisa. Ni rangi ya bodi za polikaboneti, zile bodi angavu za magari ya kuendeshwa kwa rimoti, na hupigwa upande wa ndani. Ukiipiga PS juu ya polistirini itaila. Ukipiga TS juu ya polikaboneti, itabanduka vipande bodi ikipinda mara ya kwanza. Na kwa kuwa polikaboneti hutazamwa kutoka nje, mpangilio unageuka: rangi za giza hupigwa kwanza, nyepesi baadaye, na nyuma ya rangi nyepesi huwekwa nyeupe au fedha ili isionekane chafu.

Tahadhari moja kuhusu lebo. Neno "akriliki" kwenye kopo linataja resini, yaani ile sehemu inayobaki rangi ikikauka. Halisemi kwamba rangi ni ya maji. Makopo mengi ya akriliki, hata yale ya maduka ya modeli, yana kiyeyushi cha kikemikali na gesi inayowaka. Soma orodha ya onyo nyuma ya kopo: ukiona asetoni inatajwa mwanzoni, fanya jaribio kabla ya kuisogeza karibu na modeli.

Kopo la dukani kwa fundi wa magari

Jambo hili linatugusa sana huku kwetu Afrika Mashariki. Makopo ya rangi yenye gesi inayowaka hayaruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, si ya mkononi wala ya kukabidhi, na kuyaagiza kwa posta ya ndege ni vivyo hivyo. Kwa hiyo wengi wetu tunabaki na kopo la mililita 400 la duka la vifaa au la rangi za magari. Linaweza kutumika. Limetengenezwa kwa ajili ya kupaka chuma, kiyeyushi chake ni kikali na pua yake inamwaga rangi nyingi kwa wakati mmoja, lakini jaribio litakuambia kama linafaa.

Kitu bora cha kujaribia ni fremu ileile iliyoshikilia vipande vya seti yako, maana ndiyo plastiki yenyewe. Ikiwa fremu ni nyembamba mno, tafuta vijiko vya plastiki vya kutupa vyenye namba 6 ndani ya pembetatu. Hiyo ni polistirini. Namba 5 ni polipropilini, na juu yake rangi haishiki, hivyo jaribio litakudanganya.

Osha kijiko kwa sabuni ya vyombo, kikaushe. Piga nusu moja mkono (tabaka moja la rangi) mwembamba sana, kama vumbi. Nusu nyingine ipige hadi iloe. Acha saa 24. Kisha tazama sehemu iliyoloa chini ya taa ya pembeni: ukiona mikunjo, nyufa au uso uliopoteza mng'ao wa plastiki, kiyeyushi kimekula. Kwaruza kwa ukucha. Rangi ikitoka kama ngozi, haikushika. Mwisho bandika tepu ya karatasi, ikandamize, ivute kwa nguvu. Sehemu ya vumbi ikiwa nzima na iliyoloa ikiwa imeharibika, kopo linatumika, ila kwa mikono myembamba tu, kila mmoja ukisubiri dakika 15, ili kiyeyushi kipae kabla hakijafika kwenye plastiki.

Wengine hudhani praima, yaani rangi ya kwanza inayopigwa chini ya nyingine, itazuia kila kitu. Praima za modeli nyingi nazo ni laka, na mkono mmoja mzito wa rangi ya gari unaweza kuilainisha praima na kupenya hadi chini. Inasaidia, lakini haigeuzi mkono mzito kuwa salama.

Klia (tabaka angavu la juu) ya 2K, yaani ya sehemu mbili, ile yenye kigumuzi kinachotolewa kwa kubonyeza kitako cha kopo, inang'aa kuliko zote. Ina isosayaneti, kemikali inayoweza kuleta pumu ya kudumu. Inahitaji barakoa yenye hewa inayoletwa kwa bomba kutoka nje. Kwa kazi ya mezani nyumbani sishauri itumike hata kidogo.

Kipi chini, kipi juu

Laka inaweza kukaa chini ya karibu kila kitu. Ikikauka sawasawa, juu yake unaweza kupiga akriliki ya maji, na juu ya hiyo kupaka enameli (rangi ya mafuta) iliyochanganywa na spiriti nyeupe (white spirit) kwa ajili ya kuchafua mistari ya paneli. Spiriti nyeupe haina nguvu ya kuyeyusha laka, kwa hiyo ukikosea unafuta na kurudia.

Kinyume chake ndicho kinacholeta msiba. Laka juu ya enameli: enameli hukauka polepole kwa kushika oksijeni ya hewani, na kiyeyushi kikali kikiifikia kinaivimbisha, inakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Hilo hutokea hata baada ya siku kadhaa. Kama sehemu ndogo lazima zipakwe enameli kwa brashi, zipake baada ya laka ya kopo na baada ya klia.

Praima na rangi ya chini

Kabla ya praima, osha vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Kiwandani moldi zinaweza kuacha mafuta, na mafuta ya vidole yanamalizia. Rangi ikijitenga na kuacha viduara vitupu, sababu ni mafuta au silikoni.

Praima ya kijivu inakuonyesha mikwaruzo na mishono ya gundi ambayo jicho halikuiona. Mr. Surfacer, praima ya GSI Creos, ina namba kama za msasa: 500 ni nzito na inajaza mikwaruzo, 1000 ni ya kawaida, 1500 ni laini kwa bodi itakayong'aa. Lakini kijivu chini ya nyekundu kinaizima. Nyekundu ya TS-8 juu ya praima ya waridi inawaka; juu ya kijivu inaelekea damu ya mzee. Njano na nyeupe zinataka praima nyeupe, kwa sababu hazifuniki vizuri, na anayejaribu kuzilazimisha zifunike kwa mkono mmoja anaishia na rangi inayochuruzika. Fedha ya TS-30 inataka nyeusi inayong'aa chini yake: uso ukiwa na vumbi au mikwaruzo, fedha itavitangaza vyote.

Plastiki nyekundu inayotakiwa kuwa nyeupe ina tabia yake. Rangi iliyochanganywa ndani ya plastiki inaweza kupanda kwenye laka na kuifanya ya waridi baada ya siku chache. Mkono wa fedha kati ya plastiki na praima nyeupe huzuia hilo.

Kwa ndege, mfululizo wa AS unarahisisha uchaguzi. Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya mpango wa rangi ulioanza Agosti 1941 inahitaji makopo matatu: AS-11 chini ya tumbo, AS-10 ya kijivu juu, kisha AS-9 ya kijani. Mpaka kati ya kijivu na kijani utengeneze kwa kamba za plastisini za unene wa milimita 3 au 4, ujaze katikati kwa tepu, na upulize ukielekeza kopo wima juu ya mpaka. Ukipuliza kwa mshazari, rangi inaingia chini ya kamba na mpaka unakuwa na ukungu upande mmoja tu.

Hewa ya pwani, baridi ya bara

Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, unyevu ndio adui mkubwa kuliko vumbi. Kiyeyushi cha laka kikipaa kinachukua joto. Uso wa modeli unapoa kuliko hewa iliyouzunguka, na mvuke unatua juu yake kama umande wakati rangi bado mbichi. Matokeo ni weupe kama ukungu, unaoonekana zaidi kwenye nyeusi inayong'aa na kwenye klia ya mati (isiyong'aa). Kipima unyevu cha bei ndogo kinajilipa hapa. Zaidi ya asilimia 70 mimi sipigi laka. Alfajiri, ingawa kumetulia na kuna ubaridi mzuri, ndiyo saa mbaya kabisa. Unyevu hupungua jua likipanda, kwa hiyo saa 8 hadi saa 10 za mchana ndizo za kazi. Masika, klia ya mati iache kabatini.

Ukungu ukishatokea, usikimbilie msasa. Subiri siku kavu, piga mkono mwembamba wa klia inayong'aa ya familia ileile ya laka. Inalainisha uso, unyevu ulionaswa unatoka, na mara nyingi rangi inarudi.

Joto nalo lina madhara yake. Mchana wa nyuzi 33, matone yanakauka hewani kabla ya kufika, na uso unakuwa mkavu kama msasa. Sogeza kopo kutoka sentimita 20 hadi 15 na uongeze kasi ya mkono. Nairobi ya Julai ni kinyume: gesi kwenye kopo inakosa nguvu, matone yanakuwa makubwa, na uso unapata vishimo kama ganda la chungwa. Liweke kopo dakika 5 kwenye bakuli la maji ya nyuzi 40, yaani yale unayoweza kuvumilia kwa mkono. Usiliweke jikoni wala kwenye maji yanayochemka; kopo linaweza kupasuka.

Mkono wenyewe

Tikisa dakika 2 kamili kuanzia gololi inapoanza kugonga. Anza kupuliza nje ya bodi, pita bila kusimama, achia kitufe baada ya kutoka upande wa pili. Kusimama juu ya bodi wakati kitufe kimebonyezwa ndiko kunakoleta rangi inayolia machozi. Mikono miwili kama vumbi, dakika 10 kati yake, kisha baada ya dakika 20 mkono mmoja unaoloa kiasi cha kuakisi taa. Kopo la mililita 100 linatosha bodi moja ya 1/24 na kubakiza.

Barakoa ya kitambaa na ya hospitali hazizuii mvuke wa thina. Inayofaa ni yenye vichujio vya mkaa kwa mvuke wa kikemikali pamoja na kichujio cha chembe. Gesi ya kopo ni nzito kuliko hewa na inatambaa sakafuni, hivyo jiko la mkaa au la gesi chumba cha pili mlango ukiwa wazi ni hatari ya kweli.

Klia juu ya stika za maji

TS-13, klia ya Tamiya inayong'aa, ina kiyeyushi chenye nguvu, na ikipigwa hadi kuloa moja kwa moja juu ya stika inazikunja au kuzipasua. Acha stika zikauke saa 24, piga mikono mitatu au minne ya vumbi, ndipo mkono wa kuloa. Mng'ao hutokana na kusugua: msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, kisha krimu ya kung'arishia, ukiepuka kona na kingo, maana huko tabaka ni jembamba na plastiki hutokeza mara moja. Usianze kabla ya wiki moja, na kalenda peke yake haitoshi. Iweke bodi ndani ya boksi lililofungwa usiku kucha, asubuhi lifungue na unuse: kama bado inanuka thina, ndani bado ni mbichi na krimu itaivuta rangi.