Chanjo za shule Maine: maswali ya wazazi waliotoka Afrika Mashariki na Kongo

Mwanangu alichanjwa surua kliniki ya Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania. Mbona shule ya hapa Lewiston, jimbo la Maine, inasema chanjo hazijakamilika?

Kadi yako ni halali, na usikubali mtu yeyote akwambie vingine. Tatizo ni ratiba. Tanzania hutoa dozi ya kwanza ya surua mtoto akiwa na miezi 9, kwa sababu kule ugonjwa huwapata watoto wangali wadogo sana na kungoja ni hatari. Marekani dozi ya kabla ya mtoto kutimiza mwaka haihesabiwi, maana kinga aliyorithi kwa mama huweza kuidhoofisha chanjo. Dozi ya pili, ya miezi 18, inahesabiwa kwa surua na rubela, lakini haina matubwitubwi, ambayo shule za hapa zinadai. Tetekuwanga nayo haimo katika ratiba ya Tanzania. Ndiyo maana mtoto aliyemaliza kliniki vizuri kabisa bado huambiwa ana upungufu.

Akichanjwa tena hatadhurika?

Hapana. Dozi ya ziada ya surua haimdhuru mtoto mwenye afya. Kama kadi ilipotea njiani, daktari ataanza upya au atapima damu kwa baadhi ya magonjwa. Waliopitia mpango wa wakimbizi watafute makaratasi ya IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) kwanza; mara nyingi chanjo za kabla ya safari zimeandikwa humo.

Siwezi kukataa kwa sababu ya dini?

Zamani iliwezekana, sasa haiwezekani. Mwaka 2019 bunge la jimbo lilifuta misamaha ya dini na ya falsafa kwa watoto wa shule, na Gavana Janet Mills akatia saini. Maine ilikuwa inasumbuliwa sana na kifaduro, na wazazi wanaoomba msamaha walikuwa wengi. Wapinzani wakakusanya saini, suala likapigiwa kura Machi 2020, na karibu robo tatu ya wapiga kura wakaitetea sheria. Ilianza kutumika Septemba 2021. Kilichobaki ni msamaha wa kitabibu, unaotolewa na mtaalamu wa afya.

Miongoni mwa walioipigania ni Maine Public Health Association, chama cha afya ya jamii cha jimbo. Si idara ya serikali. Ni wauguzi, madaktari, watafiti na wahudumu wa jamii waliojiunga kwa hiari, nao huenda bungeni kueleza wanachokiona kazini. Naamini walikuwa sahihi. Mtoto anayetibiwa saratani hawezi kupewa chanjo ya surua. Kinga yake ni darasa zima kuchanjwa, na ili surua isisambae wanahitajika takriban watu 95 kati ya 100.

Nimesikia chanjo inaleta usonji (autism).

Tafiti kubwa za nchi nyingi zimelichunguza jambo hili na hazikuona uhusiano. Uvumi huu umeshawaumiza jirani zetu. Minnesota, jamii ya Wasomali iliuamini, watoto wengi wakaacha kuchanjwa, na mwaka 2017 surua ikawapata watu 75, wengi wao watoto wa Kisomali. Mwaka 2025 mlipuko wa Texas ulifikia wagonjwa 762, na watoto wawili wa umri wa shule walifariki. Wote wawili hawakuwa wamechanjwa.

Nani analipa? Na Kiingereza changu ni kidogo.

Maine hununua chanjo za utotoni kwa watoto wote walio chini ya miaka 19. Ukiambiwa kuna ada ya kuchoma sindano nawe huna uwezo, sema wazi. Kuhusu lugha, kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupatia mkalimani bila malipo. Omba wa Kiswahili siku unapopanga miadi, na usimtumie mtoto wako kutafsiri. Shule pia inaweza kumpokea mtoto kwa siku 90 ukiandika ahadi kwamba atachanjwa ndani ya muda huo.

Mimi si raia. Ninaweza kusema lolote kuhusu sheria hizi?

Kura ni ya raia, lakini mbele ya kamati za bunge la jimbo pale Augusta, makao makuu ya Maine, mkazi yeyote anaruhusiwa kutoa maoni, kwa mdomo au kwa maandishi. Suala la kadi zetu zenye dozi ya miezi 9 wabunge wengi hawalijui. Mzazi aliyerudishwa na mtoto mlangoni mwa shule ndiye anayeweza kuwaeleza.