Korongo lisilokuwepo kwenye ramani

Swali lililotushinda liliulizwa na bibi mmoja aliyekaa chini, nje ya kivuli cha mbuyu, pamoja na wanawake waliofika mkutano ukikaribia kufungwa. Ilikuwa Januari, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi, mkoani Dodoma, na mwekezaji alitaka kujenga hapo kituo cha kupokea na kuchakata betri chakavu za magari na oili chafu. Mimi ndiye niliyeongoza timu ya tathmini ya athari kwa mazingira. Tulikuwa tumeshaeleza ajira, tumeshaeleza uzio, tumeshaonyesha mchoro. Bibi akanyoosha mkono, akasema kwa Kigogo, mtendaji wa kijiji akatutafsiria: "Mwanangu, korongo likijaa, hayo mapipa mtayakimbizia wapi?"

Nikauliza, korongo lipi? Watu wakaguna.

Tulipopima eneo ilikuwa Septemba. Palikuwa na ukanda wa mchanga mweupe wenye nyayo za ng'ombe, na mchoraji wetu akauchora kama njia ya mifugo. Kwa aliyeishi pale miaka sabini, ule ni mto. Maji hupita siku chache tu kwa mwaka, lakini yakija huja na magogo. Kiangazi kikikolea, wanawake huchimba mashimo kwenye mchanga huohuo, wakasubiri maji yajikusanye, wakayateka kwa kata. Ghala letu la mapipa tulikuwa tumelichora mwendo wa dakika mbili kutoka kwenye mashimo hayo.

Nalisimulia tukio hili kwa sababu bado naona vijana wa fani yangu wakipanga mikutano kama nilivyoupanga ule, na bado naona wanakijiji wakiitwa kusikiliza mambo yaliyokwisha kuamuliwa.

Kwanza nieleze kwa nini swali la bibi lilikuwa zito kuliko alivyodhani hata yeye. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya risasi, na ndani yake kuna tindikali ya salfuriki. Risasi haiozi. Ikiingia kwenye udongo inakaa, na mtoto anayecheza kwenye udongo huo huimeza kidogo kidogo kupitia vidole vyake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi.

Halafu kuna suala la maji ya chini ya ardhi, ambalo huku kwetu ndilo uhai wenyewe. Jiji la Dodoma kwa miongo mingi limekunywa maji ya visima virefu vya bonde la Makutupora. Vipimo vya kina cha maji katika bonde lile vimechukuliwa tangu miaka ya 1950, na watafiti walipokaa na rekodi ya miaka 55 waligundua kwamba mvua za kawaida haziongezi kitu cha maana huko chini. Kinachojaza bonde ni misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Sasa liweke hilo karibu na swali la bibi. Siku korongo linapofurika ndiyo siku ardhi inapokunywa. Kama siku hiyo pipa la oili limepinduka au shimo la tindikali limefurika, maji yaleyale tunayoyasubiri kwa miaka ndiyo yatakayobeba uchafu kwenda chini. Mhandisi anayeangalia wastani wa mvua wa Dodoma, ambao hauzidi sana milimita 500 na kitu kwa mwaka, anaona nchi kame isiyo na hatari ya mafuriko. Bibi hakuwa anafikiria wastani.

Sheria yetu haina kigugumizi katika hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 89 kinataka wananchi washirikishwe kwenye tathmini. Kifungu cha 178 kinasema umma una haki ya kujulishwa mapema pale mamlaka inapokusudia kufanya uamuzi unaogusa mazingira. Neno lenyewe ni mapema. Kanuni za tathmini za mwaka 2005 zinataja hadi namna ya kutangaza: mabango kwenye maeneo ya wazi karibu na mradi, tangazo gazetini, tangazo redioni kwa Kiswahili na Kiingereza, na mikutano na wale watakaoguswa. Kwa taka hatarishi, kama hizo betri na oili chafu, kuna vibali vingine juu ya cheti cha mazingira, kwa anayekusanya, anayesafirisha, anayehifadhi na anayeteketeza. Milango ipo mingi. Tatizo ni kwamba mwananchi huonyeshwa mlango wa mwisho.

Katika mradi ule wa Bahi, eneo lilikuwa limeshapatikana na michoro imeshalipiwa. Mkutano ulikuja baada ya hapo. Kwa hiyo swali la bibi, ambalo mwezi mmoja kabla ya kutafuta eneo lingegharimu safari moja ya pikipiki kwenda kuangalia, sasa lilisimamisha mradi mzima. Nilirudi kwa mwekezaji nikamwambia ghala haliwezi kukaa pale. Aliniuliza kama siwezi kuandika tu kwamba litajengewa ukuta. Nikaandika nilichoona, wataalamu wanaopitia ripoti za tathmini walipokuja kukagua wakasimama kwenye mchanga uleule wakauliza maswali yaleyale, na mradi ukasimama zaidi ya mwaka hadi lilipopatikana eneo la juu, mbali na korongo. Mwekezaji alikasirika na alikuwa na haki ya kukasirika. Nilipaswa kumwambia mapema aanze na watu.

Wamarekani walijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 1982, jimbo la North Carolina lilianza kuzika udongo wenye kemikali za sumu ziitwazo PCB katika kaunti ya Warren, kwenye jamii maskini ambayo wakazi wake wengi walikuwa Weusi. Wenyeji walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba maji ya ardhini pale yako karibu mno na uso wa ardhi. Hawakusikilizwa, malori yakaja, watu wakalala barabarani, na zaidi ya 500 wakakamatwa. Miongo miwili baadaye dampo lile lilibidi kusafishwa kwa fedha za umma. Mwaka 1995 serikali yao kuu ikaongeza kanuni kwamba anayetaka kibali cha kituo cha taka hatarishi lazima aitishe mkutano na majirani kabla hajapeleka maombi, na aweke bango kwenye eneo lenyewe, palepale ardhini ambapo mpita njia atalisoma. Bango la mjini halimwoni mchunga ng'ombe.

Nirudi nyumbani, maana jambo linalonikera zaidi ni karatasi ya mahudhurio.

Kila mkutano tunapitisha karatasi: jina, kitongoji, simu, sahihi. Kisha tunaiambatisha nyuma ya ripoti pamoja na muhtasari wa kikao. Ofisini, karatasi ile inageuka ushahidi kwamba "wananchi wameshirikishwa", na nimesikia kwa masikio yangu mtu akiisoma kama "wananchi wameridhia". Haviko sawa. Aliyesaini amethibitisha kwamba alikuwepo, basi. Wazee wengi wanalijua hili kuliko sisi. Nimeshakutana na mzee aliyesikiliza mwanzo hadi mwisho, akauliza maswali mazuri kuliko yote, na akakataa kalamu kwa sababu zamani alisaini mahudhurio ya mkutano mwingine, baadaye akaonyeshwa sahihi yake kwenye suala la ardhi. Sikumlazimisha. Nimeanza kuandika juu ya kila karatasi, kwa herufi kubwa: HII NI ORODHA YA WALIOHUDHURIA, SI KIBALI WALA MAKUBALIANO. Na muhtasari unasomwa kwa sauti pale pale kabla watu hawajaondoka, ili aliyesema "sikubali" asije akaandikwa "aliomba ufafanuzi".

Nani anakuja kwenye mkutano, hilo nalo ni suala. Mkutano wangu wa Bahi niliuitisha saa nne asubuhi, Januari, watu wakiwa kwenye palizi ya uwele na mtama. Waliokuja ni wenye maduka ya senta, waendesha bodaboda na wajumbe wa serikali ya kijiji. Wanaojua korongo walikuwa shambani, ndiyo maana walifika mwishoni. Siku hizi tangazo napeleka mnadani, kwa sababu siku ya mnada kila kitongoji kina mtu pale, na naomba nafasi ya tangazo kanisani na msikitini. Mkutano naupanga jioni. Na kabla ya mkutano wa hadhara naenda wanakoteka maji, nikae na akina mama peke yao, kwa sababu mbele ya wanaume wengi hawasemi, na maji ni wao wanaoyajua.

Lugha nayo inaficha mengi. Ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza, zikiwa na muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya wananchi. Nimesoma mihtasari mingi, na sentensi moja inajirudia: "Athari zitakazojitokeza ni ndogo na zitadhibitiwa ipasavyo." Hiyo sentensi haimwambii mtu kitu. Kama kuna kichomea taka, mwambie wazi: plastiki zenye klorini zikichomwa kwa moto hafifu hutoa sumu iitwayo dayoksini, ambayo huangukia majani, ng'ombe akala, ikaingia kwenye maziwa. Mwambie kwamba tanuri zuri lina vyumba viwili, na cha pili lazima kifike joto la nyuzi 850 au zaidi, hadi 1,100 kwa taka zenye klorini nyingi. Kisha mwambie na majivu yanakwenda wapi, kwa sababu majivu hayo yenyewe ni taka hatarishi. Mwananchi akishajua hivyo atauliza mwenyewe kipimajoto kiko wapi na nani anakisoma usiku umeme ukikatika. Niliwahi kuulizwa hivyo na kijana fundi baiskeli huko Manyoni. Ni swali ambalo mkaguzi mzuri angeuliza.

Wapo wanaodhani nikisema hivi napinga vituo vya taka. Ni kinyume chake, tunavihitaji. Dodoma imekuwa jiji mwaka 2018, hospitali zimeongezeka, gereji zimeongezeka, na taka zake zipo leo, kituo kiwepo kisiwepo. Oili chafu inapakwa kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, inayobaki inamwagwa nyuma ya gereji. Betri zinapasuliwa kwa shoka, tindikali inamwagwa chini. Kijiji kikikataa kituo kizuri kwa sababu hakikuaminishwa, sumu inabaki mitaani.

Na kituo kibaya ni balaa. Wenzetu wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, walikaa na kiwanda cha kuyeyusha betri ukutani mwao hadi kilipofungwa mwaka 2014. Watoto walikutwa na risasi kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na lawama ikagawanywa kati ya wenye kiwanda na taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda. Kesi ilipanda ikashuka, hadi Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo mwishoni mwa 2024. Muda wote huo watoto walikuwa wanakua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kijijini au mtaani kwako mnaitwa kwenye mkutano wa kituo cha aina hii, usiulize kwanza kuhusu ajira. Omba kuona ramani, na uombe mtaalamu aje na wewe hadi kwenye eneo, mtembee kwa miguu, umwonyeshe maji yanakopita masika. Uliza taka zitatoka wapi, kwa njia gani, na zitakaa siku ngapi kabla ya kuchakatwa. Uliza kama eneo limeshanunuliwa. Omba muhtasari usomwe, na uupige picha kwa simu. Kama umebaki na hoja, iandike kwa mkono wako kwa Kiswahili chako, nakala moja mpe mtendaji, nyingine ipeleke kwa baraza la mazingira, na yako igongewe muhuri wa kupokelewa. Yule bibi wa Bahi hajui kusoma. Hoja yake niliiandika mimi, nikamsomea, akasema ongeza kwamba mwaka wa mafuriko makubwa maji yalifika kwenye ule mkwaju. Nikaenda kuupima mkwaju.