Nyuzi kwenye sufuria: dhana potofu za wapiga besi

Mama mdogo aliwahi kunifumania jikoni nikichemsha nyuzi za gitaa la besi kwenye sufuria yake ya wali. Nyuzi nne, maji, siki kidogo, dakika kumi. Akauliza kama njaa imefikia hapo. Nikamweleza kwamba seti mpya ni hela nyingi, na jioni tuna harusi. Hakutaka kujua zaidi ya nani ataiosha hiyo sufuria.

Kuchemsha kwenyewe kunasaidia. Jasho na mafuta ya vidole hujaa kwenye mizunguko ya waya, uzi unakuwa mzito na butu, na maji ya moto yanautoa ule uchafu. Sauti inang'aa siku mbili tatu, kisha inafifia tena, kwa sababu chuma chenyewe kimechoka na freti, vile vyuma vilivyolala shingoni, zimeshakitafuna. Nilikosea kwenye ile imani iliyonipeleka jikoni: kwamba besi isiyong'aa ni besi mbovu. Imani za namna hii tunazo nyingi, na nyingi zinatugharimu fedha.

"Nyuzi zikizeeka, sauti imekufa"

Nyuzi za besi ziko za aina mbili kubwa. Kuna zilizozungushiwa waya wa duara. Pitisha kucha juu yake utasikia mkwaruzo kama wa zipu. Hizo hulia kwa ukali, na zikichakaa zimechakaa. Kuna na zilizozungushiwa utepe bapa, laini kama mgongo wa kijiko. Hazina ukali tangu siku ya kwanza, na wanaozipenda huzipenda zaidi kadiri zinavyozeeka.

James Jamerson, aliyepiga besi kwenye sehemu kubwa ya nyimbo za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit miaka ya 1960, alitumia za bapa, nene, na hakuwa na desturi ya kuzibadilisha mpaka ukatike mmoja. Gitaa lake lilikuwa Fender Precision la mwaka 1962. Chini ya kifuniko cha chuma cha daraja, pale nyuzi zinapofungiwa mwilini, kulikuwa na kipande cha sponji kilichogusa nyuzi, ili noti itoke, isikike, inyamaze. Studio nayo kwa kawaida ilichukua waya kutoka kwenye gitaa ikauingiza moja kwa moja kwenye mitambo. Nyuzi kuukuu, sponji, bila spika. Mwuzaji wa vifaa akisikia orodha hiyo atakuonea huruma. Lakini ndiyo sauti ambayo wapiga besi wameifukuzia miaka sitini sasa.

Geuza upande wa pili ukutane na mpiga besi Jaco Pastorius: Fender Jazz la 1962 lisilo na freti, nyuzi za waya wa duara, na ubao wa shingo uliopakwa epoksi, gundi inayokauka ngumu, ili waya usiule. Ile sauti yake inayoimba kama mtu isingetoka kwenye nyuzi za Jamerson. Kwa hiyo uliza kwanza unataka kupiga nini. Mimi kwa dansi la zamani na kwa kwaya naweka za bapa na sizigusi. Anayetaka kupiga kwa dole gumba, kwa mtindo aliouanzisha Larry Graham alipokuwa akimpigia besi mama yake aliyekuwa akiimba, bila mpiga dramu, dole gumba likishika nafasi ya ngoma ya mguu, huyo anunue za waya wa duara na azibadilishe mara kwa mara. Au awe na sufuria yake mwenyewe.

"Bila vidole viwili wewe si mpiga besi"

Jamerson alipiga kwa kidole kimoja cha shahada, kilichopinda kiasi cha kupewa jina la ndoana. Carol Kaye, mama wa Los Angeles aliyerekodi besi kwenye nyimbo nyingi za Marekani kuanzia miaka ya 1960, alipiga kwa piki, kile kipande kidogo cha kuchomolea nyuzi. Hapa sina la kuongeza.

"Nikipata gitaa ghali nitapata sauti"

Jaribu hivi kabla hujatoa hela. Chukua besi yoyote, hata ya kuazima, usiguse kitufe chochote. Piga uzi wa E (mnene kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne) bila kukandamiza freti, mkono wa kulia ukiwa karibu na shingo inapoishia. Sauti itatoka nene na ya mviringo. Sogeza mkono mpaka karibu kabisa na daraja, piga uzi uleule kwa nguvu ileile. Sasa imekuwa nyembamba, kavu, inaongea puani. Kisha upige katikati kabisa ya uzi, juu ya freti ya 12: itakuwa na uwazi ndani yake, kama unagonga mtungi, kwa sababu ukipiga uzi katikati zile sauti shufwa zinazopanda juu ya noti, ya pili, ya nne na wenzake, hazipati nafasi ya kuamka. Umesikia magitaa matatu kwenye gitaa moja, na hukutumia hata shilingi.

Mbao nazo zina kelele zake. Watu hubishana usiku kucha kama mwili wa mti huu unashinda wa mti ule. Kwa masikio yangu, ukishaweka nyuzi, pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, si ile ya kubebea mchanga), mahali pa mkono na spika, kinachobaki kwa mti ni kidogo mno, na katikati ya bendi sikisikii kabisa. Shingo ndiyo ya kuangalia. Kwenye unyevu wa pwani mbao hujipinda, nyuzi zinainuka mbali na freti, au zinashuka na kuanza kukereza. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu kinachorekebishwa kwa ufunguo, robo mzunguko tu kwa wakati, kisha unasubiri. Halafu linganisha mlio mwepesi wa kugusa uzi juu ya freti ya 12 na noti ya kuikandamiza freti hiyohiyo. Noti iliyokandamizwa ikiwa juu zaidi, rudisha nyuma kile kitandiko cha uzi kwenye daraja. Gitaa la bei ya chini lililorekebishwa hivi hulishinda la bei mbaya lililotoka dukani na kupelekwa ukumbini siku hiyohiyo. Nimelisikia likishinda, na mwenye lile ghali nilikuwa mimi.

"Lenye betri lina nguvu zaidi"

Betri ya volti 9 huendesha saketi ndogo ndani ya gitaa, na kazi yake ni kukuwezesha kuongeza au kupunguza besi na treble, yaani sauti za chini na za juu, ukiwa palepale ulipo. Gitaa lisilo na betri hupunguza tu. Music Man StingRay, lililotoka 1976, ndilo lililoisambaza njia hiyo kwa watu wengi. Ni urahisi mzuri, lakini haugeuzi mpiga mbaya kuwa mzuri.

Kwenye magitaa mengi ya aina hii, kuchomeka jeki ndiko kunakowasha saketi. Ukiliacha limechomekwa kuanzia mazoezi ya Alhamisi mpaka harusi ya Jumamosi, betri imeliwa siku mbili usiku na mchana. Mimi iliniishia bibi harusi akiwa nusu ya ukumbi: sauti ikaanza kukoroma, ikakoroma zaidi, ikakata. Mpiga kinanda akashika besi kwa mkono wa kushoto na hakunitazama mpaka chakula kilipoletwa.

"Fundi, ongeza besi"

Hili ndilo linalowaumiza wengi. Mpiga besi akiwa peke yake nyumbani hupandisha besi, hupandisha treble, na sauti za katikati anazishusha. Vitufe vya mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, vinakaa kama mdomo wa mtu anayetabasamu. Pale chumbani sauti ni tamu, inatetemesha dirisha. Anaibeba vilevile mpaka ukumbini, dramu na magitaa mawili yanaanza, na besi inatoweka. Anamwomba fundi mitambo aongeze. Fundi anaongeza, ukumbi unavuma kama lori limesimama nje, na bado hakuna anayesikia noti gani inapigwa.

Uzi wa E wa besi hutetema mara 41 kwa sekunde, wa A mara 55. Chini huko sikio la binadamu ni zito, na ndiko inakokaa ngoma ya mguu. Lakini uzi hautoi 41 peke yake. Unatoa pia 82, 123, 164 na kuendelea kupanda, na hizo za juu ndizo zinazoliambia sikio hii ni E, ile ni G. Ukitaka ushahidi, cheza wimbo wowote kwenye simu. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa 41, haikaribii hata. Bado unaifuata besi na unaweza kuiimba, kwa sababu ubongo unazisikia za juu, unaona zimeachana kwa 41, na unajijazia ile ya chini isiyokuwepo.

Kwa hiyo besi ikipotea kwenye bendi, mara nyingi dawa ni kupandisha katikati, kati ya mitetemo 200 na 800 hivi kwa sekunde, na kushusha kidogo chini. Ukipiga peke yako itakuudhi: ina kifua, ina pua, haina raha. Ikiingia ndani ya bendi inakaa mahali pake. Ndiyo maana nakataa kupima sauti ya besi peke yake. Nasubiri dramu ianze ndipo niguse kitufe.

"Wati mara mbili, sauti mara mbili"

Kutoka wati 100 kwenda 200 umeongeza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Inasikika, lakini hakuna atakayegeuka kukutazama. Ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi: kutoka 100 mpaka 1000. Kabla ya kukimbilia amplifaya nyingine soma nyuma ya kabati la spika. Moja linatoa desibeli 94 kwa wati 1 ukiwa mita 1, jingine linatoa 100. Hilo la pili likilishwa wati 25 linatoa kelele sawa na la kwanza likilishwa 100. Ile amplifaya Ampeg SVT ya 1969, yenye wati 300, haikupata heshima yake kwa wati peke yake. Chini yake palikuwa na kabati lenye spika nane za inchi 10.

Na hapa kuna dhana ninayoipenda kwa jinsi inavyosemwa kwa uhakika: kwamba wimbi la besi lina urefu wa mita 8, kwa hiyo ukisimama karibu na spika huwezi kulisikia, mpaka lifike mbali ndipo "lifunguke". Urefu ni kweli, E ya chini ina mita 8 na kidogo. Yaliyobaki si kweli. Vaa hedifoni, spika iko sentimita mbili kutoka sikioni, na besi unaisikia yote. Unachokutana nacho ukumbini ni kuta: wimbi linagonga, linarudi, linakutana na mwenzake. Mahali pengine yanajumlishana, mahali pengine yanafutana. Ndiyo sababu meza ya kamati hawaisikii besi na walioketi kwenye kona wanaziba masikio. Kabla hujamlaumu fundi, sogeza spika kutoka kwenye kona hatua mbili.

"Nyuzi tano ni za waliobobea"

Uzi wa tano ni B ya chini, mitetemo kama 31 kwa sekunde, na unafaa ukiwa na wimbo unaouhitaji na spika inayouweza. Vinginevyo ni mahali pazuri pa kupumzishia dole gumba.

"Besi hupewa aliyeshindwa solo"

Paul McCartney wa Beatles aliichukua besi mwaka 1961 kule Hamburg kwa sababu mpiga besi wao, Stuart Sutcliffe, alijitoa na hakukuwa na mwingine aliyeitaka. Akanunua Höfner lenye umbo la fidla, na hakuna anayesema leo kwamba aliangukia kwenye kazi ya walioshindwa.

Kwetu huku sina haja ya kwenda mbali. Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika jijini Nairobi mwaka 1978, na besi ikashikwa na Tom Malanga. Sikiliza Sina Makosa bila kuyafuata maneno: besi inasema kidogo, inaacha nafasi, inasema tena, na gitaa la rithim linapita kwenye ile nafasi. Mtaani kwetu kuna mkaanga chipsi mwenye redio ndogo ya kuning'iniza, spika yake haizidi kiganja. Wimbo huo ukipigwa haimbi maneno. Anaimba besi, du-du-du, huku akigeuza viazi.